Nywele ndefu na ushauri wa bibi: ulitolewa kwa nywele za nani?

Kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri, bibi alitandika mkeka barazani na kuniita. Nilikaa chini katikati ya magoti yake, kichwa kimelalia paja lake. Pembeni palikuwa na chanuo la mti lenye meno mapana, kichupa cha mafuta ya nazi, na vipande vya uzi mweusi alivyovining'iniza kwenye kidole gumba cha mguu. Hakuwahi kuanza kuchana utosini. Alishika kishungi cha nywele kwa mkono wa kushoto ili mvuto usifike kwenye ngozi, akaanzia nchani, akapanda juu kidogo kidogo. Nikijitikisa aliniambia, "Tulia weye, utazikata." Hakuniambia kuwa nitaumia. Kilichomshughulisha yeye ni kukatika.

Neno hilo limenirudia sana siku hizi, kwa sababu ushauri wa zamani wa nywele umerudi kwa kishindo. Dada zetu wanatafuta mafuta ya nyonyo, maji ya mchele, siki, mayai, hina, unga wa chebe kutoka Chad. Wengine wanazichana nywele mara mia kabla ya kulala kama walivyofanya wanawake wa Ulaya wa kale. Mmoja anasema dawa fulani imemjaza kichwa, mwenzake anasema dawa hiyohiyo imemmaliza nywele, na wote wawili wanasema kweli. Mkanganyiko huu nataka tuufumue kama tunavyofumua nywele zilizosukwa, taratibu na kwa kuanzia nchani.

Unywele tunaoushika umekwisha kufa. Kilicho hai kiko chini ya ngozi, ndani ya kifuko kidogo ambamo chembe hai zinagawanyika, zinajaa keratini, ambayo ni protini ya kucha pia, kisha zinakufa na kusukumwa nje. Kila kifuko kina zamu yake. Kinafanya kazi miaka 2 hadi 6, wakati mwingine zaidi, kinapumzika miezi michache, unywele unadondoka, kinaanza upya. Ndiyo maana mtu mzima mwenye afya anaweza kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila kuwa na ugonjwa wowote. Na ndiyo maana kila mtu ana kikomo chake cha urefu. Kikomo hicho kinategemea zamu ya kifuko inachukua muda gani, nayo kwa sehemu kubwa tunairithi kwa wazazi.

Kasi nayo si moja. Watafiti waliopima nywele za watu wa asili mbalimbali waliona kwamba za Wazungu hukua kama sentimita 1.2 kwa mwezi, na za watu wenye asili ya Afrika hukua polepole zaidi, karibu sentimita 0.8. Sasa piga hesabu. Sentimita 0.8 kwa mwezi ni karibu sentimita 10 kwa mwaka, na zamu ya miaka mitano inatupa karibu nusu mita. Nusu mita inafika katikati ya mgongo! Basi mbona mtu anakaa miaka kumi na nywele zisizofika mabegani? Nywele zake zinakua kama za mwenziwe, ila zinakatika nchani kwa kasi ileile zinayoota nayo mzizini.

Hili unaweza kulithibitisha leo nyumbani. Chukua nywele zilizobaki kwenye kitana, zitazame mojamoja kwenye mwanga wa dirisha. Yenye kivimbe kidogo cheupe upande mmoja imemaliza zamu yake na kuondoka kwa amani. Isiyo na kivimbe, tena fupi kuliko wenzake, imekatika. Nilipozitazama zangu mara ya kwanza, vipande vilikuwa vingi kuliko nywele nzima, na kwenye meza palikuwa na mafuta ya kukuza nywele niliyokuwa nimetoka kuyanunua. Mafuta yale yaliahidi kuniongezea kitu nilichokuwa nacho tayari.

Tukishalielewa hilo, ushauri wa zamani tunaupima kwa namna nyingine. Swali linakuwa: je, ushauri huu unazuia kukatika, na nywele zilizokusudiwa zilikuwa za namna gani?

Mara mia kabla ya kulala

Elisabeth, mke wa mfalme wa Austria katika karne ya 19, aliyejulikana kwa jina la Sisi, alikuwa na nywele zilizokaribia vifundo vya miguu. Mwaka 1865 mchoraji Winterhalter alimchora akiwa amezipamba kwa nyota za almasi. Msusi wake, Franziska Feifalik, alizishughulikia saa mbili hadi tatu kila siku, na zilioshwa kila baada ya wiki kadhaa kwa mayai na konyaki. Baada ya kuchanwa, nywele zilizodondoka ziliwekwa kwenye bakuli la fedha ili mwenyewe azione. Nikisoma habari hiyo namwonea huruma. Uzuri wake ulikuwa unahesabiwa kila asubuhi kama fedha za duka.

Katika Ulaya na Marekani ya zama hizo wanawake waliambiwa wapige brashi mara mia kila usiku, na ushauri huo ulikuwa na sababu yake. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe. Kwenye unywele ulionyooka mafuta hayo huteremka kwa urahisi, na brashi ya manyoya ya nguruwe iliyasaidia kufika nchani, ikiondoa na vumbi la makaa ya mawe kwa watu walioosha nywele mara moja kwa mwezi. Hiyo ndiyo ilikuwa losheni yao.

Sasa chukua brashi hiyo uipeleke kwenye nywele za kipilipili. Unywele wa kipilipili ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini hauna umbo la duara. Ni bapa, na umejisokota tangu ndani ya ngozi. Kila unapopinda pana udhaifu. Mafuta ya ngozi hayawezi kuteremka ngazi hiyo ya mizunguko, kwa hiyo ncha hukaa kavu hata kama utosi unang'aa. Mizunguko nayo hushikana na jirani zake na kufunga mafundo. Brashi ikipita hapo mara mia inakuwa imekata mara mia.

Vivyo hivyo kuhusu maji. Vitabu vya Kizungu vya malezi ya nywele vilikataza kabisa kuchana nywele zikiwa mbichi, na kwa nywele za singa katazo hilo ni la haki, kwa maana unywele uliolowa huvimba, hulegea na kuvutika kupita kiasi. Kwa kipilipili mambo yanageuka. Maji yanailegeza mizunguko, chanuo linapita bila kupigana, na kuchana kukavu ndiko kunakokata zaidi. Bibi alikuwa akininyunyizia maji kwa vidole kwanza, kisha mafuta, kisha chanuo. Hakusoma popote. Masikio yake yalimtosha, maana unywele ukikatika kwenye chanuo hutoa mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjwa chumba cha pili, na akiusikia mlio huo alisimamisha mkono.

Siki, ndimu na sabuni ya mche

Ushauri mwingine unaozunguka ni wa kusuuza nywele kwa siki. Ili kuuelewa lazima ukumbuke watu walikuwa wakioshea nini. Sabuni halisi, iliyopikwa kwa mafuta na magadi makali, iko upande wa alkali kwa mbali, yaani kinyume cha uchachu. Ikigusa unywele, magamba madogo yaliyoufunika kama vigae vya paa huinuka, nywele zikakwaruzana na kusongamana. Na maji yakiwa ya chumvichumvi, kama ya visima vingi vya pwani, sabuni inaungana na madini na kuacha utando mweupe unaonata. Siki na ndimu ni chachu. Zinauvunja utando huo na kuyalaza magamba tena. Kwetu tulioshwa kwa sabuni ya mche ileile iliyofulia nguo, kisha ndimu nusu ikakamuliwa kwenye kata ya maji ya mwisho. Wanawake wa Kiyao wa kijiji cha Huangluo huko China, wanaosifika kwa nywele ndefu, hutumia maji ya mchele yaliyochachushwa, na uchachu umo humo pia.

Shampuu za leo si sabuni ya namna ile. Tangu kampuni ya Procter & Gamble ilipotoa Drene mwaka 1934, shampuu zilianza kutengenezwa kwa kemikali nyingine zisizoacha utando kwenye maji magumu, na nyingi za sasa zimerekebishwa zisizidi ukali. Anayeosha kwa shampuu nzuri kisha akamwagia siki kali kila wiki anatibu ugonjwa ambao hana, na anaweza kujiunguza ngozi. Anayetumia sabuni ya kipande, ndimu yake bado ina kazi.

Tena kabla ya sabuni kulikuwa na majani ya mkunazi. Yanatwangwa, yanakorogwa kwenye maji, yanatoa povu jepesi, kwa sababu yana viambata asilia vinavyofanya kazi kama sabuni lakini kwa upole. Watu wengi wa pwani wanayajua kwa kuoshea maiti tu. Waliotutangulia waliyaoshea vichwa vya walio hai, na nasikitika kwamba tumeyaacha.

Mafuta ya nazi yanaingia, mengine yanakaa nje

Bibi alitengeneza mafuta yake mwenyewe. Nazi zilizokomaa zinakunwa kwa mbuzi, tui linakamuliwa kwa kifumbu, linawekwa kwenye moto mdogo bila kufunikwa, linatokota mpaka maji yaishe na mafuta yapande juu ya mabaki ya kahawia, ambayo sisi watoto tuliyagombania. Harufu ilibaki nyumba nzima mpaka kesho yake.

Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, haya ya mwisho ndiyo yanayotokana na petroli na yamo katika mafuta mengi ya dukani. Ni ya nazi peke yake yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa protini inayotoka kwenye unywele wakati wa kuosha. Asidi yake kuu, ya lauriki, ina umbo dogo lililonyooka, hivyo inapenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu. Ikishakuwa ndani, maji hayaingii kwa fujo na unywele hauvimbi na kusinyaa kila unapooshwa. Kwa hiyo wakati mzuri wa kuyapaka ni kabla ya kuosha, usiku wake au saa chache mapema. Bibi alinipaka Alhamisi jioni na kuniosha Ijumaa asubuhi.

Lakini swali letu la mwanzo linabaki palepale. Nywele zilizopimwa zilikuwa za Wahindi. Kwangu mimi na kipilipili changu yanafaa, ila ninao ndugu ambao nywele zao hukakamaa kama fagio wakiyatumia, na hao siwalazimishi. Ya nyonyo ni mazito na yanakaa nje. Yanasaidia kuzuia maji yasikauke haraka, lakini kukuza nywele sijaona ushahidi wake, na bei zinazotajwa siku hizi kwa chupa ndogo zinaniudhi.

Kuhusu kusuka, wazee walipatia jambo kubwa na kukosea moja. Walipatia kwamba nywele zilizofungwa hazikwaruzwi, hazichanwi kila siku, na ncha zake zimefichwa. Uzi mweusi aliouzungusha bibi kwenye kila kishungi ulizinyoosha nywele bila moto na kuzikinga mpaka Alhamisi nyingine. Wanawake wa Kibasara wa Chad hufanya jambo lilelile kwa njia yao. Unga wa chebe unachanganywa na mafuta, unapakwa kwenye urefu wa nywele na si kwenye ngozi, kisha nywele zinasukwa na kuachwa siku nyingi. Anayenunua chebe akaisugua kwenye ngozi ya kichwa akingoja nywele ziote ameifuata nusu ya desturi, tena nusu isiyofanya kazi.

Walipokosea ni kwenye kukaza. "Vumilia, ndiyo zinarefuka," tuliambiwa, mpaka macho yakavutwa na usingizi usipatikane. Unywele hauvutiki ukawa mrefu. Kifuko kikivutwa miezi na miaka hujeruhiwa, kisha kinaziba kwa kovu na hakioti tena. Madaktari waliueleza ugonjwa huu tangu mwaka 1907, kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele kwa nguvu utosini, watu wenye nywele za singa kabisa. Kwetu unaonekana kwenye paji na juu ya masikio ya akina mama waliosuka rasta nzito mfululizo. Vipele vidogo kwenye mstari wa mbele baada ya kusuka ni onyo. Mwambie msusi afumue hapohapo, hata kama umeshalipa.

Waliouza ndoto na waliotibu ngozi

Mwishoni mwa karne ya 19, dada saba wa familia ya Sutherland kutoka jimbo la New York walizunguka Marekani wakiimba na kuonyesha nywele zao, ambazo zikiunganishwa zilifika karibu mita 11. Kuanzia miaka ya 1880 familia iliuza chupa za "kukuza nywele" na kutajirika sana. Wakemia walipoichunguza dawa yenyewe, walikuta hasa maji ya mmea wa witch hazel na spiriti yenye manukato. Nywele za wale dada zilikuwa za kurithi. Wateja walinunua chupa wakidhani wananunua damu ya familia.

Sarah Breedlove, aliyekuja kuitwa Madam C. J. Walker, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 na wazazi waliokuwa watumwa, simuweki kundi moja nao. Yeye mwenyewe alinyonyoka nywele. Dawa yake ilikuwa na salfa ndani ya mafuta mazito, na salfa inasaidia kweli ngozi yenye mba na magamba. Pamoja na dawa aliwafundisha wanawake weusi kuosha vichwa mara nyingi zaidi kuliko ilivyozoeleka, enzi ambayo wengi hawakuwa na maji ya bomba. Ngozi ikipona, vifuko vinafanya kazi. Hadi anafariki mwaka 1919 alikuwa ameajiri na kufundisha maelfu ya wanawake. Ukikutana leo na tangazo la kukuza nywele, uliza linatibu nini. Kama halitaji ugonjwa, chupa hiyo ni ya akina Sutherland.

Kwa nini tunautamani urefu

Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, katika wasia aliomtungia binti yake mwaka 1858, alimwambia aoge, ajisinge, afunge nywele zake na atunge asumini. Huo ni ushauri wa nywele wenye zaidi ya miaka 160, kwa Kiswahili chetu, kutoka kwa mama aliyekuwa mgonjwa akijua hana siku nyingi. Hakuzungumzia urefu wala singa. Alizungumzia kutunza, kufunga na kunukia.

Lakini tusijidanganye kwamba pwani haikuwa na mizani yake. "Nywele nzuri" katika midomo ya wengi zilimaanisha za singa, na kipilipili lilikuwa neno la kutania watoto mpaka walie. Mizani hiyo ilitoka kwenye jamii iliyopanga watu kwa nasaba, Mwarabu juu, mtumwa chini, na nywele zikasomwa kama hati ya ukoo. Baadaye zikaja chanuo la moto na dawa ya kulainisha, ambayo inavunja viunganishi vya ndani vya keratini na kuuacha unywele umenyooka lakini dhaifu. Kuna wakati hata siasa iliingia kichwani. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na mawigi yakawa kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku kuanzia Januari 1969, pamoja na sketi fupi na mkorogo. Walisema wanalinda utamaduni, lakini waliosimamishwa barabarani na kudhalilishwa walikuwa wasichana.

Halafu kuna shule. Mabinti wengi wa Tanzania wananyolewa tangu darasa la kwanza hadi kidato cha mwisho, kwa hiyo wanakutana na nywele zao kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka 18 au 19, bila kuzijua. Bibi wa mkekani hayupo tena, na anayepatikana haraka ni saluni yenye dawa. Ndiyo maana sioni ajabu kwamba msichana wa leo akiona picha ya mwanamke mwenye kipilipili kilichofika mabegani anaiangalia kwa muda mrefu. Kipilipili cha sentimita 20 kinapokauka hujikunja na kuonekana cha sentimita 6 au 7. Kikifika mabegani kikiwa kimejikunja, jua kuna miaka mingi imetunzwa pale, na miaka ndiyo anayoitazama.

Zangu nikizivuta sasa zina karibu sentimita 40. Kwa mwendo wa sentimita 0.8 kwa mwezi, hiyo ni miezi 50. Bibi alifariki miaka minne iliyopita, mwezi wa Mfungo Sita, na wiki chache kabla yake alikuwa bado ananiita barazani, ingawa mikono ilikuwa inatetemeka na ni mimi niliyemshikia uzi. Juzi nilikwenda kupunguza ncha zilizopasuka, maana zisipopunguzwa mpasuko unapanda juu. Msusi alishika kishungi cha kwanza akauliza akate kiasi gani. Nilipiga hesabu kidogo, nikamwonyesha kwa ukucha, chini kabisa.